Harusi Isiyo na Bwana Harusi

Mejumaa Tsofa alikuwa mtu wa orodha. Wengine huamka wakatafuta chai, yeye huamka akatafuta kalamu. Kwa hiyo Shamsudin, mshonaji wa nguo za maharusi mwenye duka Mji wa Kale, alipomwomba ampangie siku ya kupiga picha za nguo zake mpya, hakujua amejitakia nini. Alidhani kupanga ni kutafuta mpiga picha, wasichana watatu wa kuvaa, na chupa ya chai. Wiki moja baadaye aliletewa kurasa nne za mambo ya kufanya, na ukurasa wa kwanza ulikuwa bado haujafika kwenye nguo.

"Mejumaa dadangu," alisema akivua miwani, "twapiga picha ama twahamisha serikali?"

"Twapiga picha, kaka Shamsudin. Lakini ile roshani uliyonionyesha, nani aliipima mara ya mwisho?"

Hakuna aliyewahi kuipima. Nyumba ilikuwa ya marehemu shangazi yake Shamsudin, Kibokoni: ua wa ndani ulio wazi juu, ngazi ya mawe, chumba kikubwa ghorofani, na roshani ya mbao inayotazama kichochoro. Shamsudin akiiangalia aliona picha nzuri. Mejumaa akiiangalia aliona kila pembe na mtu wake anayeanguka. Akamleta fundi seremala, naye akagongagonga ubao mmoja baada ya mwingine, akasema watu wawili, wasizidi, na wasirukeruke. Upande uliooza ukafungiwa kamba nyekundu. Nyaya za taa zikabandikwa sakafuni zisimkwaze mtu mwenye gauni refu. Akanunua kisanduku cha huduma ya kwanza, akaazima mtungi wa kuzimia moto, akaagana na mtu wa tuktuk anayemjua awachukue wasichana makwao na kuwarudisha. Chumba cha kuvalia akakitia komeo jipya na pazia zito. Hata jua aliliandikia saa yake: kuanza saa moja asubuhi, kumaliza kabla ya adhuhuri.

Watu walimcheka. Acha wacheke, wao hawakuwapo siku ile.

Miaka miwili nyuma Mejumaa alikuwa msaidizi tu katika kazi kama hii, kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Aliwekwa mlangoni pa chumba cha kuvalia. Kazi yake ilikuwa ndogo kiasi hicho: simama hapa, asipite mtu. Kisha mkubwa mmoja akapiga kelele anataka pini, na wa kukimbilia pini akawa yeye. Alikwenda dakika tano. Dakika tano zilimtosha mtu mwenye simu. Kufikia jioni video ya msichana mmoja akibadilisha nguo ilikuwa imezunguka Mombasa nzima, na kesho yake msichana yule alizima simu yake asiiwashe tena. Wakubwa walilaumiana wiki moja wakasahau. Mejumaa hakusahau. Alipoanza kupanga kazi zake mwenyewe, alijiapia kwamba jambo lile likitokea tena chini ya mkono wake, hata mara moja tu, ataiacha kazi arudi kwao Msambweni. Na aliipenda kazi hii kupita kiasi, ndiyo maana akaapa nayo.

Kati ya wasichana watatu waliochaguliwa, wawili walikuwa wazoefu. Wa tatu alikuwa Amatullah, miaka ishirini, mrefu, mpole mbele za watu na mtundu wakiondoka. Yeye ndiye Shamsudin aliyemtaka kwa gauni la kijani, lile kubwa lililomkalisha macho miezi mitatu. Amatullah mwenyewe aliitaka kazi hiyo kufa na kupona. Kikwazo kilikuwa mamake.

Bi Intisar alimpokea Mejumaa nyumbani kwake Kizingo, kwenye sebule ambayo hata saa ya ukutani ilitembea kwa adabu. Alimkaribisha kwa kahawa na halua. Akamuuliza hali ya wazazi, hali ya ndugu, hali ya safari, mpaka Mejumaa akaanza kuhofu kwamba wamesahau kilichomleta. Hapo ndipo Bi Intisar alipoweka kikombe chini.

"Kamera itashikwa na nani?"

"Na msichana, mama. Jina lake Beryl, mzaliwa wa Tudor. Wasaidizi wake nao ni wasichana. Mwanamume haingii nyumba ile mpaka tumalize. Hata Shamsudin mwenyewe atakaa dukani kwake."

"Kamera si neno. Kamera ina mwenyewe, wamjua, wampata. Nakuuliza habari ya hizi simu."

Swali lilimchoma Mejumaa mahali palepale pasipopona. Akajibu polepole. "Haitaingia hata moja nisiyoijua mimi. Na picha zote utaziona kabla hazijatoka. Usiyoitaka yafutwa mbele ya mato yako."

Bi Intisar akakichukua tena kikombe. "Haya, mwanangu. Nakupa amana. Siku moja tu. Lakini nikisikia chembe ya neno, sitakuya kugombana nawe. Nitakuya kumchukua mwanangu, na hutamuona tena."

Mejumaa alitoka pale akiwa na furaha na hofu kwa pamoja.

Yalibaki majirani. Kichochoro chenyewe ni chembamba, mtu akikohoa nyumba hii anaombewa afya nyumba ya pili. Kulikuwa na dirisha la mkabala lililotazama moja kwa moja kwenye roshani, na Mejumaa alibisha mlango wa nyumba hiyo mara tatu asijibiwe. Ilibidi watu waambiwe mapema: Jumamosi kutakuwa na kazi, watuwie radhi, wanaume wapite njia nyingine mpaka adhuhuri, na mtu asichungulie na simu. Kubandika karatasi ukutani hakukumpendeza. Karatasi haisalimii mtu. Mtaa kama ule wataka mtu aende, abishe, aulize hali, aseme.

Na hapo ndipo Mejumaa, bingwa wa kupanga, alipoteleza.

Aliuliza ni nani anayejua kila mlango wa Kibokoni. Watu wote wakamtajia mtu mmoja, Bi Jannat. Ilikuwa kweli. Bi Jannat alikuwa mwalikaji, mwanamke anayetumwa mlango kwa mlango kuwaita wanawake harusini. Kwa miaka thelathini alifanya kazi hiyo, na mwavuli wake wa zambarau ulijulikana kuliko taa za barabarani. Hakuna mlango aliokuwa hajaubisha. Mejumaa akafurahi, akamweleza maneno yote, akamsikiliza akiyarudia. Bi Jannat hakupunguza wala hakuongeza neno. Alhamisi akachukua mwavuli akaenda.

Mtu wa Kibokoni angemwambia Mejumaa kitu kidogo tu, lakini yeye wa Msambweni, na kwao mambo haya yana taratibu zake nyingine. Kwa miaka yote hiyo thelathini Bi Jannat hakuwahi kubisha mlango kwa sababu nyingine isipokuwa harusi. Mwanamke akifungua akauona ule mwavuli, masikio yake yalikuwa yakisubiri neno moja tu, siku gani. Jumamosi. Asubuhi. Nyumba ya kina Shamsudin. Yaliyobaki, ya picha na kamera, waliyaona ni pazia. Watu wanaozesha kimyakimya, wanaogopa macho ya watu. Basi tutakwenda kimyakimya. Ijumaa zilipopita nguo za maharusi zimefunikwa shuka, zikafuatiwa na sinia la asumini, hakuna aliyekuwa na shaka tena.

Jumamosi saa moja kila kitu kilikuwa mahali pake. Amatullah na wenzake walifika, majina yakapigwa alama, simu za wasichana zikawekwa kwenye kabati na ufunguo ukaingia mfukoni mwa Mejumaa. Beryl alipima mwanga akasema asubuhi imewapenda. Msichana wa kwanza akapigwa ngazini, wa pili mlangoni. Picha zilikuwa safi, ila wasichana walikuwa wakavu kidogo. Walisimama wakasimama tu, na tabasamu zao ziliishia kwenye meno. Beryl aliwachekesha, hawakuchekeka. Mejumaa hakujali sana. Mlango ulikuwa umefungwa, na hilo lilimtosha.

Saa tatu barabara kikapigwa kigelegele nje.

Kikafuatwa na cha pili. Kisha mlango ukabishwa kwa mikono mingi. Simu ya kazi, ile moja aliyoiacha kwa ajili ya dharura, ikalia. Alikuwa Shamsudin kutoka dukani, anahema.

"Mejumaa! Naambiwa kuna wanawake kama arubaini mlangoni pako! Mmoja amepita hapa dukani akanishika mkono akanipa mubaraka wa harusi! Naoa nani mimi?"

Mejumaa alichungulia kwenye tundu la mlango. Mabuibui meusi yaliyopigwa pasi, harufu ya udi iliyopenya mbao, vito, mikoba, sinia mbili za vitumbua. Na karibu kila mkono ulikuwa na simu.

Aliziona dakika tano zile zikirudi, safari hii zimekuja arubaini. Ghorofani Amatullah alikuwa chumbani, gauni la kijani likiwa nusu mwilini, nywele wazi. Wazo la kwanza la Mejumaa lilikuwa kufunga kazi, kuzima taa na kuwatoa wasichana kwa mlango wa nyuma. Lakini hakukuwa na mlango wa nyuma. Huo ulikuwa kwenye ukurasa wa tatu, na alama ya kuuliza kando yake.

Alipanda akamwambia Amatullah ajifungie komeo na asifungue kwa sauti yoyote isiyo ya Mejumaa. Akashuka. Akavuta pumzi, akafungua mlango upana wa mwili wake mmoja, akasimama katikati.

"Salaam aleikum, kina mama."

"Aleikum salaam! Bibi harusi yuko wapi?"

"Hakuna bibi harusi. Wallahi hakuna harusi hapa. Twapiga picha za nguo tu."

Wanawake arubaini walioamka alfajiri kujipamba walimtazama mtu mmoja anayewaambia warudi nyumbani. Mmoja akasema kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia, "Yaani tumealikwa tufukuzwe?"

Bi Jannat alitokea nyuma yao akiwa na mwavuli wake, kaja kutazama kazi inaendaje. Alipouona umati alielewa mara moja, kwa sababu umati wa harusi aliujua kuliko uso wake. Akapasua njia mpaka mlangoni. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mimi nimewambia picha," alisema. "Nimewambia mlango kwa mlango, picha! Miaka thalathini sijaalika harusi isiyokuwako. Yeo mwanitia aibu mtaani."

Mejumaa alitaka kulia. Lakini akiwa bado na mkono mlangoni, aliona jambo. Mwanamke mmoja mbele yake alikuwa ameshazima simu yake na ameinyoosha kwake, anangoja ipokewe, bila kuambiwa na mtu. Wa nyuma yake vilevile. Walifanya kama mtu anavyovua viatu.

"Bi Jannat," aliuliza haraka, "harusini kwa wanawake, simu huwa yawekwa wapi?"

"Kikapuni. Mlangoni. Kwani kuna harusi ya wanawake watu wakaingia na simu? Wamevaa hivyo, vichwa wazi, nani atakubali?"

"Na mlango hushikwa na nani?"

Bi Jannat alimwangalia kwa macho ya mtu aliyeulizwa jina lake. "Nani mwingine? Mimi."

"Basi ushike, mamangu. Nakuomba. Ushike kama ushikavyo siku zote."

Yaliyofuata hayakuwa kwenye ukurasa wowote. Kikapu kikatoka nyumba ya jirani. Bi Jannat alikaa kwenye kibao ndani ya mlango, mwavuli magotini, na kila aliyepita aliacha simu yake, ikafungwa kwenye kitambaa chake mwenyewe. Mejumaa naye akatia ile ya dharura mikononi mwa Bi Jannat, ampigie yeye daktari pakiwa na haja. Wanawake wawili, bila kutumwa, walifunga leso ncha mbili za kichochoro na kuwaambia wanaume waliokuwa wakinywa kahawa barazani kwamba leo kahawa ni tamu zaidi mtaa wa pili. Mwanamke mnene mwenye bangili nyingi akauliza hili dirisha la juu limeachwaje wazi, akatoa ufunguo kifuani, akavuka kulifunga. Alikuwa ndiye mwenye nyumba ya mkabala. Mara zote tatu alizobishiwa alikuwa kwa bintiye Mwembe Tayari.

Mejumaa alirudisha akili yake. Uani tu, aliwaambia, hakuna kupanda ngazi, na ile roshani asiikaribie mtu. Kina mama wakaketi mikekani kama waliopangiwa nafasi. Beryl akahamisha kamera yake ili itazame ngazi na isiguse uso wa mgeni yeyote. Halafu akampungia mkono Mejumaa: haya, tuendelee.

Mejumaa akapanda akamwita, komeo likafunguliwa, na Amatullah akatoka juu ya ngazi na gauni la kijani.

Ua mzima ukapiga kigelegele. Msichana akashtuka, akacheka, akaweka mkono mdomoni, na Beryl hakuiacha ile nafasi impite. Akashuka ngazi moja. "Polepole mwanangu, bibi harusi hakimbilii basi!" mmoja akapaza sauti. Akashuka ya pili kwa madaha. Mwingine akaanza kupiga makofi ya ngoma ya chakacha, wengine wakayapokea, na mabega ya Amatullah yakalegea yenyewe. Beryl alikuwa akipiga na kucheka. Baadaye alimwambia Mejumaa kwamba alikuwa amehangaika saa mbili kutafuta kitu kile, na kumbe kilikuwa nje kinabisha hodi.

Kwa mara ya kwanza wiki ile, Mejumaa alikula kitumbua. Alikuwa na raha. Raha tupu, isiyo na alama ya kuuliza pembeni.

Saa nne na nusu sauti ikasikika mlangoni, na Mejumaa akakiweka chini kitumbua cha pili.

Wifi yake Bi Intisar, aliyesikia kwamba Amatullah ameonekana akiingia nyumba ile, alikuwa amempigia simu Kizingo akilia: yaani Amatullah anaolewa Kibokoni na mimi shangazi yake sikualikwa? Bi Intisar hakungoja kumaliza kusikiliza. Alipanda gari, akamwacha dereva wake Kingi karibu na Ngome asizime gari, maana hatakawia, na vichochoro vilivyobaki alivimaliza kwa miguu. Sasa alikuwa amesimama mbele ya kile kibao, buibui limemteleza begani, simu imekamatwa mkononi.

"Nipishe, Bi Jannat."

"Karibu, Bi Intisar. Simu."

"Mimi ni mamake!"

"Nakujua. Ni mimi niliyealika harusi yako wewe. Simu, mwanangu."

Bi Intisar akamwona Mejumaa nyuma ya mlango. "Wewe! Uliniambia nini Kizingo? Mtaa mzima umo ndani na mwanangu! Mwambie anipishe."

Kumpisha kungekuwa rahisi. Huyu ndiye mwenye msichana. Kwa neno lake moja gauni la kijani lingevuliwa sasa hivi na siku nzima ikafa. Hakuna ambaye angemlaumu Mejumaa kwa kumfungulia mama wa mtoto, na simu yake moja ingemdhuru nani? Mejumaa aliyafikiri hayo yote. Akafikiri pia kwamba mlango uliofunguliwa kwa mmoja si mlango tena.

"Mama, nisamehe," alisema. "Yaliyotokea nitakueleza yote, makosa ni yangu. Lakini nilikuahidi haitaingia simu. Sikusema isipokuwa yako."

Bi Intisar alimtazama Mejumaa, akakitazama kikapu na vitambaa vyake arubaini vya kila rangi, akamtazama Bi Jannat ambaye hakuonyesha dalili ya kusogea mpaka Idi. Kisha akaitupa simu yake kikapuni kwa hasira na kuingia.

Amatullah alikuwa ngazi ya nne. Alipomwona mamake alisimama ghafla na makofi yakakatika. Wanawake wakasogea kuacha njia. Bi Intisar alisimama katikati ya ua, akakumbuka leso na dirisha lililofungwa alivyovipita kichochoroni, akageuza kichwa polepole: kamera moja na msichana wake, mikono ya wanawake wote mitupu mapajani. Mwisho akamtazama bintiye. Alimtazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama chumba chake mwenyewe akitoka safarini.

"Nataka simu yangu," akasema.

Mejumaa akajua imekwisha. Aliitoa simu kikapuni mwenyewe, akampa kwa mikono miwili. Juu ya ngazi Amatullah alianza kufungua vifungo vya mkono.

Bi Intisar alitoka nayo nje, akavuka kizingiti kizima, akasimama kichochoroni nyuma ya leso. Mlango ulikuwa wazi, na kila aliyekuwa ndani alimsikia.

"Kingi? Zima gari. Nenda ukale, ukapumzike, uniyie baada ya adhuhuri. Hapana, hakuna neno. Niko na mwanangu."

Akarudi mlangoni. Hakuna aliyemwambia kitu, wala Bi Jannat hakunyoosha mkono. Aliizima simu, akaifunga kwenye leso yake, akainama akaiweka kikapuni, akauliza wapi pana nafasi ya kukaa.